Utambuzi wa Hitilafu za Pampu ya Maji katika Injini ya Gari

Gari linapochemsha, pampu ya maji hulaumiwa mapema, ilhali thamostati iliyokwama katika hali ya kufunga, mkanda uliolegea au rejeta iliyoziba huleta dalili iyo hiyo. Kwa hiyo, utambuzi hauna budi kutangulia ufunguaji. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, hukaguliwa kwanza kitundu kidogo kilicho chini ya shafti ya pampu: maji yanayochuruzika hapo huonyesha kuwa sili imechakaa. Puli inayocheza inapotikiswa, au inayokwaruza, huashiria beringi iliyokwisha. Hitilafu ngumu zaidi kubainika ni ya mapanga yaliyoliwa na kutu, kwa kuwa pampu ya namna hiyo huweza isivuje wala isipige kelele. Maji matupu yasiyo na dawa ya kuzuia kutu huharakisha uharibifu huo. Aghalabu pampu hubadilishwa nzima pamoja na gasketi yake. Nyuso husafishwa, bolti hukazwa kwa nguvu iliyoainishwa na mtengenezaji, kisha hewa hutolewa katika mfumo. Kuondoa thamostati, kama ifanywavyo katika baadhi ya gereji, hakuponyi pampu iliyochakaa. Injini ikiendelea kuchemsha, silinda hedi huweza kupinda, na hitilafu ya sili moja ikageuka gharama ya injini nzima.