Bure si huria: kitabu unachoruhusiwa kukibadilisha

Fungua kundi la WhatsApp la darasa lenu. Bila shaka humo kuna PDF ya kitabu ambacho ukikinunua dukani bumu lote linayumba. Nani alikiweka humo? Hakuna anayejua. Umekipakua, umeshukuru, maisha yanaendelea.

Sasa nikuulize: unaruhusiwa kukitafsiri kitabu hicho kwa Kiswahili? Unaruhusiwa kuchukua sura ya tatu, ukabadilisha mifano yake, halafu ukawagawia wanafunzi wa chuo kingine? Kwa kawaida, hapana. Umekipata bure, lakini si huria. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila ndiyo inayoamua kama sisi tutabaki wasomaji tu wa vitabu vya wenzetu au na sisi tutaviandika.

Neno "huria" tumelizoea kwenye soko huria na Chuo Kikuu Huria. Nyenzo huria za elimu ni vitabu, slaidi, video, mazoezi au hata kozi nzima ambazo hazina tena hakimiliki, au mwenye hakimiliki ametamka wazi kwamba wengine wanaweza kuzitumia, kuzibadilisha na kuzisambaza bila kumwomba ruhusa kila mara. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka nyenzo za kozi zake kwenye intaneti, kila mtu azisome bila malipo. Julai 2002 UNESCO ikawakutanisha wataalamu Paris kujadili jambo hilo lina maana gani kwa vyuo vikuu vya nchi zinazoendelea. Jina la nyenzo huria za elimu lilizaliwa kwenye kikao hicho.

Ruhusa yenyewe inatolewaje? Kumbuka kwamba kazi yoyote unayoiandika ina hakimiliki tangu unapoiandika, hata kama hujaweka alama yoyote. Anayetaka kuifungua huiwekea leseni, na zinazotumika zaidi ni za Creative Commons, ambazo zilitoka kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Utaziona chini ya ukurasa kwa herufi. BY maana yake mtaje mwandishi. SA: ukibadilisha, toleo lako nalo lipe masharti yaleyale. NC: usifanyie biashara. ND: usisambaze toleo ulilolibadilisha.

Ukiona ND, simama hapohapo. Kutafsiri ni kubadilisha, kwa hiyo kazi yenye ND huwezi kuisambaza kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana wataalamu wengi hawaihesabu ND kuwa huria, hata kama kuipakua ni bure kabisa.

Sasa tuone ruhusa hiyo ikifanya kazi. Mwaka 2005 ulianza mradi unaoitwa TESSA, wa kuboresha mafunzo ya walimu Afrika kusini mwa Sahara. Uliratibiwa na Open University ya Uingereza, ila washirika wake wengi walikuwa vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwemo. Wahadhiri wa nchi mbalimbali waliandika kwa pamoja mada za kumsaidia mwalimu wa shule ya msingi, kuanzia lugha na hesabu hadi sayansi na stadi za maisha. Halafu kila nchi ikakaa na mada hizo na kuzirekebisha zilingane na mtaala na mazingira yake. Matoleo yakatoka kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili.

Fikiria hilo la Kiswahili. Shule nyingi za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo mwalimu anayejiandaa kwa nyenzo za Kiingereza ana kazi mbili: kuelewa somo, kisha kulitafsiri kichwani akiwa mbele ya watoto. Toleo lile lilimpunguzia kazi moja. Na lisingewezekana kama mada zingekuwa za bure tu, zikiwa zimefungwa zisibadilishwe.

Mimi mwenyewe nililielewa hili nikisaidia semina za takwimu za mwaka wa kwanza. Nilitumia kitabu huria cha Marekani. Maelezo yake mazuri, lakini mifano ni besiboli na dola. Darasa kimya. Wiki iliyofuata nikabadilisha: bei ya gunia la mahindi kwenye masoko matano, foleni ya daladala asubuhi. Hesabu zilikuwa zilezile, ila safari hii watu wakaanza kubishana kuhusu wastani na kati. Nikamtaja mwandishi wa kwanza, nikaambatisha leseni, nikawapa wenzangu faili. Sikuvunja sheria yoyote, wala sikuogopa.

Lakini tuseme ukweli, mara nyingi mzigo unasafiri upande mmoja. Tunapokea kutoka nje kuliko tunavyotoa. Siyo kwamba hatuna cha kutoa: nondo za wahadhiri wetu zimejaa steshenari za jirani na chuo, zikitolewa kopi mwaka baada ya mwaka, hazina leseni, na nyingine hazina hata jina. Mwanafunzi wa Bujumbura au Lubumbashi anayesoma Kiswahili hawezi kuzifikia. Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo rasmi kuhusu nyenzo hizi, na moja ya maeneo yake matano ni ushirikiano wa kimataifa. Ushirikiano, ndugu yangu, siyo mmoja apakue na mwingine apakie kila siku.

Kwa hiyo, ukipata nyenzo nzuri, kabla hujaituma kwenye kundi, tafuta zile herufi. Ikiwa ni BY au BY-SA, usiishie kusoma: tafsiri ukurasa mmoja, badilisha mfano mmoja, usambaze. Na kama wewe ni msaidizi wa mhadhiri, muulize taratibu kama atakubali slaidi zake ziwekewe leseni na jina lake liandikwe juu. Wengi hawajakataa, ila hakuna aliyewahi kuwauliza.