Hata Urusi inahangaikia bandari: Somo kwa sisi tusio na bahari

KATIKA shule ya msingi niliyosoma, kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo nchini Tanzania, kulikuwa na ramani moja tu ya dunia. Ilikuwa imechanika pembeni na kubandikwa kwa gundi ya ubuyu. Juu kabisa, nchi moja ilijaza karatasi kutoka mashariki hadi magharibi. Iliitwa Muungano wa Kisovieti. Sisi, watoto wa Warundi waliokimbia mwaka 1972, tuliitazama kwa wivu. Kwetu Burundi, nchi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona, ilifunikwa yote kwa ncha ya kidole.

Mwishoni mwa mwaka 1991 muungano ule ulivunjika. Mwalimu wetu wa Jiografia aliingia darasani na chaki, akatuambia nchi ile imegawanyika kuwa nchi 15, ila ramani tutaendelea kuitumia kwa sababu nyingine hakuna. Nikanyoosha mkono na kuuliza, "Sasa bahari imebaki kwa nani?" Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema hilo ndilo swali ambalo wenyewe wanaulizana.

Leo mimi ni mwalimu wa somo hilo hilo, hapa Makamba, na swali lile limenirudia. Limenirudia kwa sababu ya unga wa ngano.

Ndugu msomaji, dada yangu mkubwa alikuwa akikaanga maandazi na kuwauzia wanaovuka mpaka wa Mugina na Manyovu. Mapema mwaka 2022 alikopa fedha kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, akalipa sehemu ya unga na kuahidiwa kuwa mzigo uliobaki atauchukua kwa bei ile ile. Aliporudi baada ya majuma machache, bei ilikuwa imepanda na mwenye duka hakutaka kusikia habari za ahadi. Alipouliza sababu, akajibiwa neno moja tu: "Urusi." Jioni ile alinifuata nyumbani. "Mwalimu," aliniambia, na huniita hivyo akiwa na hasira, "wewe umesoma. Urusi na andazi langu vimekutana wapi?"

Nilimjibu kuwa vimekutana bandarini. Hakuridhika. Makala hii ndiyo jibu ambalo ningempa usiku ule kama ningekuwa nimejiandaa.

Pwani ndefu, maji yaliyoganda

Urusi ndiyo nchi kubwa kuliko zote duniani, ina kilometa za mraba zipatazo milioni 17. Pwani yake ni ndefu mno. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pwani hiyo iko kaskazini, ambako bahari huganda kwa miezi mingi. Meli haiwezi kupita kwenye barafu mpaka itanguliwe na meli maalumu ya kuivunja.

Bandari ya Arkhangelsk, iliyoanzishwa mwaka 1584, ilikuwa kwa muda mrefu mlango mkuu wa biashara ya Urusi na Ulaya, lakini mlango huo ulifungwa na barafu kila majira ya baridi. Ndiyo maana mfalme Peter Mkuu alipigania pwani ya Bahari ya Baltiki, na mwaka 1703 akaanza kujenga mji wa Saint Petersburg kwenye tope la mdomo wa mto Neva. Huko nako maji huganda, ingawa si kwa muda mrefu kama kaskazini.

Ajabu ni kwamba Murmansk, iliyo kaskazini zaidi ya Arkhangelsk, haigandi. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Bahari ya Atlantiki huifikia na kuyaacha maji yake wazi mwaka mzima. Mji huo ulianzishwa mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Urusi ilipohitaji pa kupokelea silaha na bidhaa kutoka kwa washirika wake, na reli ikajengwa kwa haraka hadi huko. Leo ndiyo makao ya meli za kuvunja barafu zinazotumia nguvu za nyuklia.

Upande wa mashariki kuna Vladivostok, iliyoanzishwa mwaka 1860. Kutoka Moscow hadi huko kwa reli ni kilometa 9,288. Mfanyabiashara anayelalamikia kilometa kama 1,250 za reli kati ya Dar es Salaam na Kigoma na aipime safari hiyo. Bandari za jirani, Nakhodka na Vostochny, husafirisha makaa ya mawe, mafuta na makontena kwenda China, Japani, Korea na kwingineko.

Kusini, kwenye Bahari Nyeusi, iko Novorossiysk, iliyoanzishwa mwaka 1838. Hii ni kati ya bandari kubwa kuliko zote za Urusi kwa uzito wa shehena. Haigandi, ila ina adui mwingine, upepo mkali wa baridi uitwao bora, unaoporomoka kutoka milimani na kulazimisha kazi ya kupakia kusimama.

Walipoamka bandari ni za jirani

Sasa turudi kwenye swali langu la darasani. Muungano ulipovunjika mwaka 1991, bandari nyingi nzuri zilibaki kwa wengine. Odessa ikawa ya Ukraine. Riga na Ventspils zikawa za Latvia, Tallinn ya Estonia na Klaipeda ya Lithuania. Mafuta na mbolea ya Urusi vikaendelea kupita humo, lakini sasa kwa kulipia. Nchi kubwa kuliko zote ikajikuta inafanya kama sisi wa Burundi, Rwanda na Uganda, kupanga foleni kwenye mlango wa jirani na kulipa ada ya kupitisha mzigo.

Hawakuivumilia hali hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 2001 walifungua bandari ya mafuta ya Primorsk, karibu na Saint Petersburg, na mwaka huo huo kituo cha makaa ya mawe kikaanza kazi Ust-Luga, sehemu ambayo awali ilikuwa na vijiji vya wavuvi. Kuanzia mwaka 2003, mafuta ghafi ya bomba yaliyokuwa yakienda Ventspils yalikatwa. Kufikia mwaka 2019 Ust-Luga ilikuwa imevuka tani milioni 100 za shehena kwa mwaka. Mji wa Ventspils, uliozoea kula kwa jasho la mafuta ya jirani, ukalazimika kutafuta kazi nyingine.

Hapo wenye bandari nao wana somo. Mteja ukimbana sana, siku moja atajenga mlango wake.

Jinsi ngano inavyotufikia

Katika miaka ya karibuni Urusi imekuwa muuzaji mkubwa wa ngano kuliko nchi nyingine yoyote. Ngano hiyo huvunwa zaidi kusini, hufikishwa kwa reli na malori hadi Novorossiysk, au hupakiwa kwenye meli ndogo huko Rostov na Azov. Maji ya Bahari ya Azov hayana kina, kwa hiyo meli hizo ndogo hutoka hadi karibu na mlango bahari wa Kerch na kuhamishia mzigo kwenye meli kubwa. Kisha meli hupita Bosporus, katikati ya mji wa Istanbul. Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936 unazipa meli za biashara haki ya kupita hapo. Baada ya hapo ni Mediterania, Mfereji wa Suez, Bahari ya Shamu, na hatimaye Mombasa au Dar es Salaam. Huko ngano husagwa, na unga hupanda lori kuja kwetu.

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bandari za Ukraine zilifungwa na kampuni za bima zikapandisha ada za meli zinazoingia Bahari Nyeusi. Kampuni kubwa za makontena, zikiwemo Maersk na MSC, zilisimamisha kupokea mizigo ya Urusi mwanzoni mwa Machi. Ngano yenyewe haikuwekewa vikwazo, lakini malipo, bima na meli vikawa vigumu kupatikana. Julai 2022 yalifikiwa makubaliano ya kupitisha nafaka ya Ukraine, na Julai 2023 Urusi ikajitoa.

Hata mbolea ilikwama. Mwaka 2023 Kenya ilipokea kwa njia ya Mombasa tani 34,000 za mbolea ya Urusi zilizotolewa bure, baada ya shehena hiyo kuzuiliwa katika bandari ya Riga. Mkulima wa Eldoret alikuwa akisubiri mbolea iliyolala Latvia!

Mafuta nayo yalibadili njia. Kuanzia Desemba 5, 2022 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mafuta ghafi ya Urusi yanayoletwa kwa meli. Meli za Primorsk zilizokuwa zikifika Ulaya kwa siku chache, sasa zikaanza safari za wiki kadhaa kwenda India na China. Bandari zenyewe zikawa uwanja wa vita. Novorossiysk ilishambuliwa Agosti 2023, na Ust-Luga Januari 2024.

Gharama ya misukosuko hiyo hushuka gatini pamoja na mzigo, ikapanda lori, ikavuka mpaka, ikaingia kwenye karai la dada yangu.

Kulipa, kujenga au kunyang'anya

Nikiwafundisha wanafunzi wangu, huwaambia kwamba anayekosa bandari ana njia tatu. Ya kwanza ni kumlipa jirani. Ya pili ni kujenga, kama walivyofanya Ust-Luga. Ya tatu ni kunyang'anya. Mwaka 2014 Urusi iliitwaa Krimea, yenye bandari ya Sevastopol, hatua ambayo nchi nyingi hazijaitambua. Mwaka 2022 iliiteka Mariupol, bandari ya Ukraine kwenye Bahari ya Azov, na mji ukabaki magofu. Vita vile vina sababu nyingi, lakini bahari haimo mbali.

Mimi njia ya tatu naijua harufu yake. Baba yangu alifia Mishamo akiitaja mipaka ya shamba lake kwa majina ya miti. Niliporudi mwaka 2009 nilikuta familia nyingine inalima hapo, na watoto wao wamezaliwa hapo. Wapo walionishauri nitumie nguvu. Tulikaa chini ya mwembe siku tatu, wazee wakishuhudia, tukagawana. Nilipata pungufu ya nilichotarajia, lakini hadi leo tunasalimiana asubuhi na tunaazimana majembe.

Sisi wa Burundi hatuwezi kujenga bandari ya bahari. Tunachoweza ni kulifanya jambo la kulipa liwe na heshima na uhakika. Januari 2025 Burundi na Tanzania zilitia saini mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, na Agosti mwaka huo jiwe la msingi likawekwa. Ziwa Tanganyika tunalo, Kigoma na Rumonge zinatazamana na maji hayo hayo. Mlango wa pili ni kinga, kama Warusi walivyojifunza kwa gharama kubwa.

Na mfanyabiashara mdogo je? Dada yangu alilipa deni lake kwa miezi tisa, kwa kuuza mbuzi wawili na vitenge alivyorudi navyo kutoka Mishamo. Siku hizi huchanganya unga wa ngano na wa muhogo, halipi nusu bila maandishi, na kila Jumapili hunipitia kabla ya kwenda Manyovu.

"Shikamoo, dada," humwambia.

"Marahaba, Mwalimu. Haya, meli zinasemaje?"

Nami humweleza niliyoyasikia redioni kuhusu Suez na Bahari Nyeusi. Husikiliza hadi mwisho, hupiga hesabu kwa vidole, kisha huamua anunue mifuko mingapi.