Mabadiliko ya Afya ya Mzee: Mambo ya Kumweleza Daktari

Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum inaendesha makazi ya wazee wasiojiweza, yakiwemo ya Nunge, Kigamboni, na Funga Funga, Morogoro. Hata hivyo, wazee wengi nchini hutunzwa nyumbani na watoto, wajukuu au majirani, na ndivyo ilivyo Mohoro, wilayani Rufiji. Katika hali zote mbili, daktari humwona mzee kwa dakika chache tu. Anayeishi naye ndiye anayeijua hali yake ya kila siku.

Ugonjwa kwa mzee mara nyingi hauji na dalili zilizozoeleka. Nimonia inaweza kumpata bila homa kali, na maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kujitokeza kwa kuchanganyikiwa. Hivyo, mzee anayekataa chakula ghafla, anayeanguka au asiyewatambua wa nyumbani asiachwe kwa madai kwamba ni uzee tu. Uzee hauingii kwa siku mbili. Maradhi ndiyo huingia hivyo.

Kumwambia daktari kuwa mzee hajisikii vizuri hakutoshi. Mtunzaji aeleze mambo manne: hali ya kawaida ya mzee; kilichobadilika na tangu lini; maradhi aliyonayo na dawa anazotumia, zikiwemo za miti shamba; na hatua zilizokwisha kuchukuliwa. Kwa mfano: “Hadi juzi alikwenda msikitini mwenyewe. Tangu jana asubuhi hajui yuko wapi, hajala, na amekojoa mara moja tu.” Ni vyema kwenda na dawa zenyewe pamoja na kadi ya kliniki.

Mdomo kupinda, mkono kulegea au kushindwa kusema ghafla ni dalili za kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo, bila kusubiri kukuche.

Kwa wakazi wa bonde la Mto Rufiji, kuwahi kuna uzito zaidi wakati wa masika. Aprili 2024, mafuriko yalifunika makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Maji yakikata njia, safari ya kufika Hospitali ya Utete huwa ngumu. Kwa hiyo, mabadiliko yatolewe taarifa siku yanapoonekana, kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii au katika kituo cha karibu. Ushauri wa Wizara ya Afya hupatikana pia kwa kupiga namba 199 bila malipo.