Mwanga wa LED: Dawa ya chunusi, si ya kila doa

GARI lililoteremsha kabichi, karoti na njegere za Mgeta hadi Morogoro mjini au Dar es Salaam halirudi mlimani tupu. Hupandisha sabuni, nguo, simu na chochote ambacho ndugu wa mjini ameagiza kwa ajili ya wa nyumbani. Leo mzigo huo unaweza kuwa barakoa ya plastiki yenye taa ndogo za LED ndani yake, iliyonunuliwa mtandaoni kwa ahadi kwamba huondoa chunusi, madoa, makunyanzi na “magonjwa yote ya ngozi”.

Ahadi ya kwanza ina ukweli ndani yake. Ya mwisho si kweli, na kwa mkazi wa tarafa hiyo ya Wilaya ya Mvomero inaweza kumgharimu zaidi ya fedha.

Kutibu ngozi kwa mwanga si jambo jipya. Daktari wa Denmark, Niels Finsen, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1903 kwa kazi yake ya kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga wa taa maalumu. Mama ambaye mtoto wake mchanga alipata manjano na kulazwa chini ya taa ya bluu hospitalini naye ameuona mwanga ukifanya kazi ya dawa, ingawa hapo ngozi ni mlango tu; kinachotibiwa kimo katika damu.

Taa za LED zinazotumika kwa chunusi hutoa mwanga wa rangi moja iliyochaguliwa, bila joto kali na bila miale ya urujuanimno, yaani ile miale ya jua inayounguza ngozi. Bakteria wanaochochea chunusi huishi ndani ya vinyweleo na hutengeneza kemikali iitwayo porifirini. Mwanga wa bluu unaokaribia zambarau, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 415, ukiifikia kemikali hiyo huzalisha oksijeni kali inayomuua bakteria huyo huyo. Ni sawa na kusema mdudu amebeba kiberiti chake mwenyewe, taa inakiwasha tu. Mwanga mwekundu, wa takriban nanomita 630, huzama ndani zaidi na husaidia kutuliza uvimbe.

Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa iliruhusu taa ya bluu kwa chunusi mwaka 2002. Hata hivyo, mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2016, yaliyokusanya majaribio 71 ya tiba za mwanga kwa chunusi, yalikuta ushahidi mwingi ni dhaifu. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba chunusi ndogo na za wastani hupungua kwa baadhi ya watu wanaorudia tiba hiyo kwa wiki kadhaa, na kwamba wakiacha, bakteria hurudi. Mafuta ya ngozi na homoni za ujana havitishwi na taa.

Liko jambo ambalo matangazo hayalitaji, nalo linatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi kuliko wengine wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 huko Marekani ulionyesha kuwa mwanga unaoonekana kwa macho, hata usipokuwa na urujuanimno, huiongezea weusi ngozi yenye asili ya weusi, ilhali ngozi nyeupe haikubadilika. Mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa walilinganisha rangi mbili: mwanga wa nanomita 415 kwa dozi kubwa uliacha weusi uliodumu hadi miezi mitatu, na mwekundu haukuacha kitu. Kwa hiyo msichana anayevaa barakoa ya bluu ili kufuta madoa yaliyoachwa na chunusi anaweza kuyakoleza. Akiwa ametoka kwenye mkorogo, ngozi yake tayari imedhoofika, na hapo busara ni kumwona daktari kwanza.

Macho nayo yanahitaji kinga. Mwaka 2019 kampuni ya Neutrogena iliiondoa sokoni barakoa yake ya taa kwa hofu ya madhara ya macho kwa watu wenye maradhi fulani ya macho na wanaotumia dawa zinazoongeza wepesi wa mwili kuathiriwa na mwanga. Doksisaiklini, ambayo wengi hupewa kwa ajili ya chunusi hizo hizo, ni mojawapo ya dawa zinazoifanya ngozi iathiriwe haraka na mwanga. Muuzaji asiyeweza kutaja urefu wa wimbi wa taa yake anauza taa ya mapambo. Na kifaa kinachodaiwa kutibu ugonjwa ni kifaa tiba. Msimamizi wake nchini ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Sasa turudi Mgeta. Tafiti zilizofanywa katika vijiji vya Tanzania miaka ya 1990 zilikuta zaidi ya robo ya watu wana tatizo la ngozi, na mengi kati ya matatizo hayo ni ya kuambukiza. Upele husababishwa na mdudu anayechimba ndani ya ngozi. Dawa yake ni ya kupaka, na hupakwa na wote wanaolala nyumba moja, la sivyo huzunguka. Mapunye ni fangasi, na ya kichwani huhitaji vidonge. Mikono inayowasha ya mkulima ambaye bomba lake la dawa ya mboga linavuja itapona akiziba bomba na kuvaa glovu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa barakoa ya LED.

Mabaka meupe yanahitaji uangalifu wa pekee. Yakiwa ni vitiligo, hospitali hutumia miale ya urujuanimno iliyopimwa, ambayo barakoa hizi hazina. Lakini baka lililopauka na lisilohisi mguso linaweza kuwa ukoma, ugonjwa ambao bado upo nchini. Dawa zake hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina. Miezi inayopotea mgonjwa akijimulika usiku ndiyo miezi ambayo mishipa ya fahamu ya mikono, miguu na macho huharibika, na uharibifu huo mara nyingi haurudi nyuma.

Kipimo cha awali hakihitaji umeme. Mgonjwa hufumba macho, mhudumu wa zahanati humgusa kwa unyoya wa pamba juu ya baka, naye huonyesha kwa kidole alipoguswa. Asipohisi, hupelekwa kwa mtaalamu. Wengi wa wataalamu hao wa ngozi waliopo mikoani walifunzwa katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kilichoanza kufundisha mwaka 1992.