Kuhifadhi au Kuzika Hewa Ukaa?

Makampuni ya mafuta na gesi husema "kuhifadhi" hewa ukaa. Neno hilo halituridhishi. Tuangalie Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini. Hewa ukaa iliyomo katika gesi ya huko hufikia asilimia 9, ilhali wanunuzi hawakubali izidi 2.5. Kwa kuwa Norwei ilianza mwaka 1991 kuitoza kodi hewa hiyo iachiliwapo angani, kampuni ya Statoil (leo Equinor) iliona nafuu kuisukuma, tangu 1996, ndani ya mwamba wa mchanga ulio chini sana ya sakafu ya bahari. Kihifadhiwacho hungoja kutumiwa. Hewa hii haingojewi na mtu. Twapendekeza "kuzika". Lakini hewa ukaa itokayo mnunuzi aichomapo gesi ile haizikwi, na kwa hiyo "gesi safi" ni jina tusilolikubali.