Kwa Nini Sifa Hazimtibu Asiyejiamini

Tangu ukurasa huu uzungumzie kukosa usingizi, barua nyingi zilizofika hazihusu usingizi hata kidogo. Zimeandikwa na watu ambao ofisini kwao ndio wanaotegemewa: mkuu wa shule, muuguzi kiongozi wa wodi, mhandisi, mhasibu. Huyu mhasibu ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wote. Taarifa ya robo mwaka huimaliza Jumatano ikiwa sawasawa. Alhamisi saa kumi alfajiri ameshaamka, anajumlisha safu zilezile kwa kikokotoo cha mkononi, kwa kuwa jumla iliyo kwenye kompyuta haiamini. Wakaguzi hawajawahi kumkuta na kosa, na cheo amepandishwa. Anauliza: mbona kila siku nahisi leo ndiyo watanigundua? Mwishoni anaongeza neno ambalo wengi wameliongeza: siku hizi hata kuwasalimia wenzangu nachoka.

Hayo ni mambo mawili yanayoandamana. La kwanza, kujihisi mtu bandia anayengoja kugunduliwa, lilielezwa mwaka 1978 na Pauline Clance na Suzanne Imes, wanasaikolojia wa Marekani, waliokutana na wanawake zaidi ya 150 wenye elimu na vyeo, ambao pamoja na hayo yote walishikilia kwamba wamefika walipo kwa bahati au kwa kuwahadaa wakubwa. La pili ni uchovu uliopitiliza wa kazi. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliuandika mwaka 1974 baada ya kuuona kwa waliojitolea katika kliniki ya bure mjini New York, na kwake mwenyewe. Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California akaja kuonyesha una sura tatu: kuishiwa nguvu, kuwa baridi kwa kazi na kwa wale unaowahudumia, na kuona kwamba unachofanya si kitu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautaja kuwa hali inayotokana na kazi, wala si ugonjwa.

Sasa yale ninayoyasikia kila wiki. Kwamba ni uvivu: mvivu gani huyo anayeamka saa kumi alfajiri kujumlisha alichokwisha kujumlisha? Kwamba ni imani haba: wachungaji na masheikh nao huchoka, na sala haijamkataza mtu kwenda kwa mtaalamu. Kwamba ni mambo ya wanawake: mapitio ya mwaka 2020 kuhusu kujihisi bandia, yaliyokusanya tafiti 62 na watu zaidi ya 14,000 yalikuta wanaume nao wamo, na karibu nusu ya tafiti zilizolinganisha jinsia hazikuona tofauti yoyote. Kwamba amerogwa na wanaokitamani cheo chake: hapo hasara ni mara mbili, maana fedha zitabaki kwa mganga na mgonjwa atarudi ofisini na adui mpya. Na kwamba ushauri nasaha ni wa waliokwenda kupima virusi vya UKIMWI. Hili angalau lina sababu. Watu wengi walimwona mnasihi kwa mara ya kwanza katika chumba cha kupimia, kwa hiyo ukionekana unatoka mlango huo, mtaa mzima umeshamaliza hesabu.

Lakini dhana inayonikera kuliko zote husemwa kwa nia njema: mpe moyo, msifu, atajiamini. Kama sifa zingetibu, mhasibu wetu angepona siku aliyopandishwa cheo.

Fikiria mtu amevaa hirizi ya kumkinga na simba, anavuka pori, anafika salama. Njia nzima hapakuwa na simba. Hata hivyo sifa inachukuliwa na hirizi, na kesho hathubutu kutoka bila hiyo. Hirizi ya mhasibu ni kule kujumlisha kwa alfajiri. Taarifa ikipita, hasemi "najua kazi", anasema "afadhali nilirudia". Ikipita mara mia, ni mara mia hirizi imefanya kazi. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Mwingereza Paul Salkovskis alieleza jambo hili kwa watu wenye hofu: kile anachofanya mtu ili kujikinga na balaa ndicho kinachomzuia kugundua kwamba balaa lenyewe lisingekuja. Hofu haipati nafasi ya kukanushwa. Inaishi kwa miaka katikati ya ushahidi unaoikataa.

Clance aliona njia mbili za kufika hapo. Wapo wanaojiandaa kupita kiasi, na wapo wanaoahirisha mpaka usiku wa mwisho kisha wanafanya kazi ya wiki kwa saa sita. Wa kwanza akifaulu husema ni jasho tu, mwenye akili asingehangaika hivyo. Wa pili akifaulu husema ni bahati. Wote wawili wamefaulu na hakuna aliyepata kitu cha kuweka kibindoni. Sifa ya bosi ndiyo inayoharibu zaidi, kwa kuwa mwenyewe anawaza: angejua nilivyotapatapa, asingenisifu. Kila pongezi inakuwa siri nyingine ya kulinda, na kila cheo kinaongeza watu wa kuwaficha.

Gharama yake inalipwa na mwili, na si kwa zile saa za ziada peke yake. Mwaka 2006 mtafiti Jos Brosschot na wenzake walitoa hoja ninayoipenda sana: balaa likipita au kabla halijafika, wazo lake linatosha kuuweka mwili katika tahadhari. Moyo, shinikizo la damu na homoni havingoji mkaguzi aje. Vinaitikia mkaguzi aliye kichwani, hata usiku. Chukua homoni ya kotisoli. Kwa kawaida hupanda ndani ya nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuamka. Utafiti wa Wolff Schlotz na wenzake wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba hupanda zaidi siku za kazi kuliko mwisho wa wiki, na tofauti hiyo ni kubwa kwa wanaojiona wamelemewa na kazi na kwa wenye tabia ya kuwaza-waza. Mwili unajua leo ni Jumatatu kabla mtu hajapiga mswaki. Ndiyo maana likizo ya wiki mbili haitoshi kwa aliyebeba ofisi kichwani.

Hapa ndipo matapeli wameshika usukani. Utaambiwa tezi zako za adrenali "zimechoka" na uuziwe kopo la unga. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Brazil walipitia tafiti 58 wakahitimisha kwamba ugonjwa huo haupo. Na kwa waliochoka kweli, vipimo vya kotisoli hutoa majibu yanayopingana kiasi kwamba haviwezi kumtambua mtu mmoja mmoja. Kuna pia ile mashine ya kifimbo. Unakishika dakika moja, kompyuta inatoa kurasa za rangi zinazodai kupima ini, figo, mifupa na "uchovu wa ubongo", kisha aliyekupima anageuka na kufungua kabati, na dawa zote ulizoandikiwa zimo humo humo. Kifimbo hakijapima chochote. Wahamasishaji wa ukumbini nao hawana nafuu: kumwambia mtu huyu aongeze bidii ni kumwongezea hirizi.

Mnasihi anayejua kazi yake hatakusifu. Katika tiba ya mazungumzo inayotokana na kazi ya Aaron Beck wa Philadelphia, wazo lako linachukuliwa kama dai la kupimwa. Atakuuliza: ukituma barua pepe ya kawaida bila kuisoma mara ya tatu, kitatokea nini, na una uhakika kwa asilimia ngapi? Andika. Labda utaandika 80. Kisha utaituma, mikono ikitetemeka, na wiki ijayo mtarudi kwenye karatasi ileile kuona kilichotokea. Huanzi na hesabu za mwaka. Unaanza na barua ambayo hata ikiwa na kosa, hakuna atakayekufa. Pakitokea kosa dogo, nalo ni somo: lilirekebishwa kwa dakika tano na dunia haikusimama. Vikao kwa kawaida ni mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa.

Ukweli wote usemwe. Yale mapitio ya 2020 hayakukuta hata utafiti mmoja uliopima tiba ya kujihisi bandia kwenyewe. Tunatumia mbinu zilizothibitika kwa wasiwasi na sonona. Tena unasihi hauongezi watumishi wodini. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2016 ulikuta kwamba kuwasaidia madaktari mmoja mmoja na kubadilisha mazingira ya kazi, vyote hupunguza uchovu uliopitiliza, kwa wastani kutoka asilimia 54 hadi 44. Si haba, lakini si muujiza. Mwajiri anayempeleka mfanyakazi kwa mnasihi kisha anamrudishia kazi ya watu watatu anapoteza fedha zake. Kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2021, kunaendana na hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko ya anayefanya saa 35 hadi 40.

Kwa haraka basi. Anza hospitali: upungufu wa damu, kisukari na matatizo ya tezi ya shingo huchosha vilevile. Ukiona huzuni imekufuata hadi nyumbani na hufurahii tena kitu chochote, huenda ni sonona, nayo ina tiba yake. Hospitali za rufaa za mikoa huko Tanzania zina huduma za afya ya akili. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo muulize anayekuhudumia kama amesajiliwa; anayekasirikia swali hilo, mwache. Uliza pia siri zako atazitunzaje, hasa kama analipwa na mwajiri wako. Na mwenye mawazo ya kujidhuru asingoje miadi wala asiniandikie mimi: aende hospitali iliyo karibu leo hii, akiwa na mtu anayemwamini.