Uma wa Baiskeli: Hesabu Meno Kabla ya Kununua

Mkulima wa skimu, baiskeli yako ni mtumishi mwaminifu. Asubuhi inabeba mtungi wa maziwa, jioni inarudi na majani ya ng'ombe. Maziwa ya lita 20 peke yake ni mzigo wa zaidi ya kilo 20, bila kuhesabu mtungi. Kwa hiyo ukiteremka kwenda daraja la Chania pale Thika, au ukishuka kwenye mto wa Ruiru, uhai wako umeshikwa na vitu vitatu: uma wa mbele unaobeba gurudumu, shina la usukani, na vikombe vya golori vilivyo juu na chini ya shingo ya fremu.

Uma ukipinda au ukipata ufa, wengi wetu hununua mwingine uliotumika. Jambo hili si baya. Ubaya ni kudhani kwamba kila uma waingia kila baiskeli. Kwa macho zote zafanana, lakini vipimo vyake si kimoja. Zifuatazo ni sababu, na namna ya kujikinga.

MENO 24 NA MENO 26

Bomba la uma hupita ndani ya shingo ya fremu na kutokea juu. Huko juu limechongwa hesi, yaani yale meno yanayoshika kikombe cha juu na nati yake. Katika baiskeli za zamani za Kiingereza bomba hili lina upana wa inchi 1. Lakini kiwanda cha Raleigh kilichokuwa Nottingham kilichonga meno 26 katika kila inchi, na viwanda vingine vingi vilichonga 24. Hata uma mwingi wa siku hizi wenye hesi za inchi 1 una meno 24.

Tofauti ya meno mawili yaonekana ndogo, lakini chuma hakisamehe. Nati ya 24 ikitiwa katika uma wa 26 itazunguka mara moja au mbili, kisha itakaza. Fundi mwenye haraka atachukua spana kubwa na kuilazimisha. Itaingia, ndiyo, lakini kwa kuyala meno ya nati na ya uma pia. Siku utakapogonga shimo na mzigo nyuma, nati italegea, nawe utakuwa huna uma wala nati ya kufaa.

Usitegemee jina lililoandikwa kwenye fremu. Raleigh ilichukua biashara ya baiskeli za Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943 na BSA mwaka 1957. Kisha mwaka 1960 ikaunganishwa na wenye Phillips na Hercules. Kwa sababu hiyo baiskeli mbili zenye jina moja, za miaka mbalimbali, zaweza kuwa na meno mbalimbali. Tena baiskeli ya zamani huenda imekwisha kubadilishwa uma mara nyingi kabla ya kufika kwako. Dawa ni kuhesabu.

NAMNA YA KUPIMA

Chukua rula ya mtoto wa shule yenye inchi. Safisha hesi kwa mafuta ya taa na brashi, weka rula juu yake, uhesabu meno katika nusu inchi. Ukipata 12, ni uma wa 24. Ukipata 13, ni wa 26.

Kama macho yako hayaoni vizuri, iko njia nyingine. Peleka dukani uma wako wa zamani. Laza hesi zake juu ya hesi za ule unaotaka kununua, meno kwa meno, uviinue kwenye mwanga. Vikilaliana bila kuacha nafasi, ni sawa. Mwanga ukipita katikati, acha. Na nati iliyo sawa huingia kwa vidole mpaka chini. Isiyotaka vidole haitaki spana.

Ukiuziwa uma, omba vikombe vyake na nati zake pamoja. Hivyo utapunguza shida nyingi.

UREFU, VIKOMBE NA SHINA

Hesi zikiwa sawa, kazi haijaisha. Pima mambo haya pia:

1. Urefu wa bomba. Bomba lipite shingo ya fremu na vikombe vyote viwili, na nati ya juu ishike meno yake yote. Bomba lililo refu kidogo laweza kujazwa kwa washa. Bomba fupi halina dawa, lirudishe.

2. Pete ya chini. Pete hii hukaa chini ya bomba, palipo na mabega ya uma. Katika aina moja kikalio chake kina milimita 26.4, katika nyingine 27. Pete ndogo ikigongwa kwa nyundo ili iingie panapo kikalio kikubwa hupasuka. Pete kubwa juu ya kikalio kidogo hucheza. Usiijazie kwa bati la mkebe.

3. Golori. Usichanganye kubwa na ndogo katika kikombe kimoja, kwa maana zile kubwa ndizo zitakazobeba mzigo wote. Panga golori katika grisi, uache nafasi ya golori moja ili zizunguke.

4. Shina la usukani. Shina la kawaida lina upana wa milimita 22.2, nalo huingia ndani ya bomba la uma. Yapo mengine ya 22 na ya 21.1. Shina jembamba laweza kukazwa likaonekana limeshika, lakini ukikata kona usukani utageuka na gurudumu lisigeuke. Shina liingie ndani si chini ya inchi 2 na nusu, na mwisho wake ushuke kupita sehemu yenye hesi, kwa sababu hapo bomba ni jembamba na hukatika upesi. Usiliinue shina kupita kiasi ati kwa sababu wewe ni mrefu.

5. Gurudumu na breki. Uma wa gurudumu la inchi 26 hautoshi gurudumu la inchi 28. Na kama breki zako ni za fito, hakikisha uma mpya una mahali pa kuzishikia.

UCHUNGUZI WA KILA JUMA

Kabla ya kufunga mtungi, kamata breki ya mbele, weka kidole kati ya kikombe cha chini na uma, uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongo mdogo kidoleni, vikombe vimelegea. Vikaze mpaka mchezo uishe, lakini usukani ugeuke kwa wepesi. Kisha simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kwa magoti, ujaribu kugeuza usukani kwa nguvu ya kiasi. Ukigeuka peke yake, usipande. Mwisho, pangusa vumbi mabegani pa uma na utazame kama pana ufa. Uma wenye ufa usichomelewe ili kubebea mzigo, utupe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kupima hesi ni kazi ya dakika tano, na rula iko katika mkoba wa mtoto wako. Kabla hujatoa pesa sokoni Thika au Ruiru, hesabu meno.